Uzito wa Tusekile

Hapo zamani, wala si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani hii ya juzi tu, barabara mpya ilipokwisha kukatwa mlimani na ile ya awali ikaachiwa ng'ombe na wapenda pikipiki, waliishi mke na mume katika vilima vya Tukuyu. Mume aliitwa Lusajo. Mke aliitwa Tusekile. Tegeni masikio, kwa maana mtaulizwa.

Lusajo alikuwa mwonjaji wa chai kiwandani. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya safu ya vikombe, kuvuta funda moja kwa sauti, kulitema, kisha kusema: hii imechumwa upande wa juu, hii imecheleweshwa kwenye lori. Watu walimheshimu kwa ulimi huo. Tusekile alikuwa daktari wa mifugo. Siku za kazi alizunguka migombani kwa pikipiki ndogo, akitibu ng'ombe wa maziwa. Akisimama tu kwenye mlango wa banda alimwambia mwenye ng'ombe, "Huyu amepungua tangu nilipokuja. Mnamlisha nini?" Na kweli, ng'ombe alikuwa amepungua.

Jumapili, ibada ikiisha, mke na mume walivua nguo za kanisani wakapanda pikipiki za kasi. Ya mume ilikuwa nyeusi. Ya mke ilikuwa nyekundu, naye aliinunua kwa jasho lake kabla hajaolewa. Walijuana juu ya pikipiki hizo hizo. Tusekile alimpita Lusajo mvuani, akasimama mbele kumngoja, ili apate kumcheka.

Barabara ya zamani iliteremka kwa kona nyingi, na iliyo kali kuliko zote iliitwa Kona ya Padri, kwa kuwa padri mmoja aliwahi kuikosa na baiskeli yake, akaenda kumalizia sala katikati ya migomba ya watu. Mara moja kwa mwaka, mvua zikikatika, wapanda pikipiki wa Mbeya na Tukuyu waliifunga barabara ile kwa matawi na vitambaa, wakashindana kuteremka wawili wawili. Siku hiyo waliiita Mteremko. Kila mwaka Tusekile aliingia, na kila mwaka alishindwa pale pale penye Kona ya Padri, na aliyemshinda alikuwa yule yule: Bupe, muuza mbegu za viazi, rafiki yake tangu darasa la kwanza.

Pikipiki nyekundu ilikuwa na kasoro moja. Miguu yake ya mbele, yaani zile shokapu mbili zinazobeba gurudumu, ilikuwa laini. Tusekile akikamata breki kabla ya kona, pua ilizama, gurudumu la nyuma likawa jepesi, na pikipiki nzima ikatetemeka kama inataka kumtupa. Ilimbidi aanze kupunguza mwendo angali mbali. Hapo ndipo Bupe alipopita.

"Shoga, pikipiki yako ina dini kweli," Bupe alimwambia wakiwa wanapumzika chini kabisa, helmeti mapajani. "Kila kona inasujudu."

"Cheka tu. Siku itakapoacha kusujudu, utakuwa unasoma namba yangu ya nyuma."

"Nitaisomaje na mimi niko mbele?"

Kaka yake Tusekile, Ambakisye, alikuwa fundi. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba ya mama yao. Alizifungua shokapu zile, akamwaga oili, akabadili springi, akarudishia. Pua ikaendelea kuzama. Akajifuta mikono, akasema, "Mdogo wangu, hapa tunampaka mgonjwa poda. Pikipiki hii inataka miguu mingine kabisa. Ile ya kisasa, bomba nene juu, bomba jembamba chini. Ile haipindi, na mtu unairekebisha kwa uzito wako mwenyewe."

"Inapatikana wapi?"

"Kwa hapa kwetu? Naijua seti moja tu." Akawa anaangalia grisi kwenye kucha zake.

Wote watatu, pamoja na Lusajo aliyesimama mlangoni, waliijua seti hiyo. Ilikuwa imeegeshwa pale pale uani, chini ya pikipiki nyeusi ya Lusajo.

 Kulipokucha, kabla ya kwenda kiwandani, Lusajo aliisukuma pikipiki yake hadi mlangoni mwa karakana, Tusekile akiwa ameshatoka kwenda kumzalisha ng'ombe.

"Toa," akasema.

"Nitoe nini?"

"Miguu ya mbele. Mfungie mkeo." Alikosea kwa haraka, akajisahihisha. "Mfungie mke wangu."

Ambakisye hakucheka. "Shemeji, unajua unachosema? Pikipiki bila miguu ya mbele ni kuku aliyechinjwa. Hutaipanda tena."

"Toa, Ambakisye. Nitachelewa kazini."

Haikuwa kazi ya siku moja. Pikipiki zile zilitoka kiwanda kimoja, lakini hazikuwa mtu na pacha wake. Ilibidi nondo ya usukani ichongwe upya kwa mchonga vyuma Mbeya, bearingi zitafutwe, breki zihamishwe pamoja na gurudumu. Mwishowe pikipiki nyekundu ikasimama juu ya miguu ya pikipiki nyeusi. Nyeusi yenyewe ikabaki imeegemezwa juu ya kreti za soda, mbele haina kitu. Lusajo akaifunika turubai.

Tusekile aliporudi akaona, aliuliza kwa sauti ndogo, "Umefanya nini, wewe mwanaume?"

"Nimechoka kukuona unasujudu."

"Na wewe Jumapili utapanda nini?"

"Nitakaa Kona ya Padri na chupa ya chai. Lazima awepo mtu wa kukupigia makofi."

Tusekile alicheka, kisha akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Alipotoka alikuwa amenawa uso.

Sasa lilibaki jambo la mwisho, nalo ndilo hadithi yenyewe. Mafundi wengine hufunga shokapu na kukupa ufunguo wako. Ambakisye alikuwa na utaratibu, na hakuna mteja aliyeuruka. Hakuwa na mizani, wala hakumwuliza mtu kilo zake. Alisema mtu ukimwuliza kilo zake hukutajia za siku ya harusi. Yeye alifunga kwenye bomba jembamba la shokapu kamba ya plastiki, ile ya kubania nyaya, akakuketisha juu ya pikipiki ukiwa na vazi kamili, koti, buti na helmeti. Uzito wako ukizamisha shokapu, bomba nene liliisukuma ile kamba kwenda chini. Ukishuka, kamba ilibaki pale ilipofikishwa. Ambakisye aliweka vidole vyake kwenye nafasi iliyobaki wazi kati ya kamba na bomba nene, kubwa kwa mzito, ndogo kwa mwepesi, akajua uzito wako ni wa springi gani.

Kazi hiyo ilitaka watu watatu. Tusekile aliketi juu, miguu kwenye vikanyagio. Lusajo alisimama mbele, akalibana gurudumu kwa magoti yake na kushika usukani kwa mikono miwili ili pikipiki isianguke. Ambakisye alichuchumaa kando. Mmoja aliketi, mmoja alishika, mmoja alichuchumaa. Aliyeshika alimwangalia mkewe usoni, maana nyuso zao zilikuwa karibu hivi. Aliyechuchumaa aliangalia chuma.

"Pumua," Ambakisye akasema. "Usijinyanyue. Shemeji, usimchekeshe."

"Sijasema neno."

"Macho yako yanasema," Tusekile akajibu ndani ya helmeti.

Akashuka. Vidole viwili vya Ambakisye vikaingia sawasawa. Akasema, "Hapo hapo. Hiyo ndiyo wewe."

Jumapili iliyofuata Tusekile alikamata breki karibu na Kona ya Padri kuliko siku yoyote, pua ikatulia, pikipiki ikalala kwenye kona kama mtoto aliyeshiba, na Bupe akaisoma namba ya nyuma. Lusajo alipiga makofi peke yake pembeni mwa migomba mpaka viganja vikamuuma.

Mvua zikaja. Mvua za Tukuyu mnazijua, zikishika hazina adabu. Pikipiki zikalala. Jua lilipotoka, Tusekile aliipanda nyekundu mara moja akarudi analalamika.

"Kaka, mbele kumekuwa kugumu. Kila kokoto linanipanda mabegani."

Mmoja akaketi, mmoja akashika, mmoja akachuchumaa. Lusajo akamwangalia mkewe usoni. Uso ulikuwa umepakwa mafuta, unang'aa, na macho yanamtania. Tusekile akashuka. Ambakisye akaweka vidole. Vidole viwili havikuingia.

Alidhani sili, ule mpira wa kuzuia oili, imebana. Akafungua, akasafisha, akabadili oili, akarudishia, wakapima tena. Vidole viwili havikuingia. Ambakisye akawa analifuta lile bomba kwa kitambaa, analifuta, analifuta, na bomba lilikuwa safi tangu mwanzo. Kisha akamtuma Lusajo dukani kwa oili nyingine.

Lusajo aliporudi alikuta springi laini zaidi zimekwisha kuwekwa. "Zile za kwanza zilikuwa za mtu mzito," Ambakisye akasema bila kuinua kichwa.

"Umesikia, mume wangu?" Tusekile akacheka. "Kumbe nilikuwa mzito, na hukuwahi kuniambia."

Lusajo naye akacheka. Alikuja kukumbuka kicheko chake hicho kuliko maneno yote aliyowahi kusema.

Siku ya Mteremko ikakaribia. Wakapima mara ya tatu. Mmoja akaketi, sweta mbili chini ya koti. Mmoja akashika. Mmoja akachuchumaa, akainuka haraka kama aliyeumwa na mdudu, akaenda kutafuta kitu asichokuwa anakihitaji. Akabadili springi tena. Pikipiki ikawa nyepesi na tulivu chini ya Tusekile. Akateremka nayo kwa majaribio, na watu waliomwona wakasema mwaka huu hakuna ubishi.

Lakini Bupe alikuwa akipanda nyuma yake. Bupe hakuuona uso wala hakukiona chuma, aliuona mgongo. Aliona kwenye sehemu iliyonyooka, mahali pa kulala juu ya tangi na kufungua mafuta, Tusekile anaachia mkono wa kushoto na kujibana tumbo. Aliona koti linapeperuka mahali ambapo zamani lilijaa. Siku moja alimwona anasimama ghafla, anaingia shambani kwa watu, anainama kati ya migomba. Bupe akasimama, akamfuata.

"Una mimba?"

"Ningekuwa nayo ningecheka."

"Basi nini?"

Tusekile alijifuta mdomo. "Nina uvimbe tumboni. Nimepimwa tangu kabla ya mvua. Wanataka kunipasua, na wakinipasua sitapanda tena. Niache niteremke mara moja tu nikiwa na miguu hii aliyonipa, kisha nitakwenda mwenyewe. Niapie kwamba hutamwambia."

"Siapi."

"Bupe."

"Siapi, Tusekile. Nichukie tu."

Bupe aliwasha pikipiki yake, akaenda moja kwa moja kiwandani. Alimkuta Lusajo katika koti jeupe, mbele ya vikombe, funda la chai mdomoni. "Shemeji, tema hiyo," akamwambia. "Mkeo anaumwa. Mpeleke hospitali leo, siyo kesho."

Alimpeleka siku hiyo hiyo. Wakampasua. Daktari alimwita Lusajo pembeni akamweleza kwamba kama wangechelewa kidogo tena asingemaliza wiki chache. Sasa ana miezi, na angepasuliwa kabla ya mvua, angekuwa na miaka. Akauliza kwa upole, kama madaktari wanavyouliza, "Hakuna mtu nyumbani aliyeona anapungua?"

Lusajo alirudi kukaa kando ya kitanda.

Mteremko ulifanyika Tusekile akiwa kitandani. Bupe alishindana, akashinda. Hilo nalo lilisemwa sokoni, kwamba amemchongea mwenzake apate njia. Alipokwenda kumtazama mgonjwa, Tusekile alimwuliza neno moja tu, "Umeshinda?" Bupe akaitikia kwa kichwa. Tusekile akageukia ukutani. Tangu siku hiyo Bupe alikuja kila juma na chupa ya uji, na kila juma Tusekile alisema, "Mwambieni nimelala." Bupe aliacha uji mlangoni, akarudi. Hawakuzungumza tena hapa duniani.

Tusekile aliishi miezi aliyopewa. Aliishi kwa maumivu, lakini aliishi. Alikaa na mumewe barazani, wakabishana kuhusu chai, wakaangalia ukungu unapanda na kushuka. Alikula viazi vya msimu mmoja zaidi. Hayo yote Lusajo aliyapata kwa ajili ya ulimi wa Bupe, naye alijua hivyo.

Karibu na mwisho Tusekile alimwita mama yake, Mama Ambakisye, akamwambia, "Mama, kila kitu changu ni cha mume wangu. Isipokuwa pikipiki. Pikipiki apewe aliyenipenda kuliko wote."

"Ni nani huyo, mwanangu?"

"Watajuana wenyewe," akasema, na wanasema alitabasamu. Alikuwa hivyo.

Siku ya kuanua matanga, ndugu wakakaa uani kugawa vitu vya marehemu kama ilivyo desturi. Nguo zikagawiwa, vyombo vikagawiwa, dawa za ng'ombe akapewa daktari mwenzake. Pikipiki nyekundu ikasukumwa katikati ya ua. Mama Ambakisye akayarudia maneno ya binti yake, akasema, "Mimi ni mama, mimi simo. Anayejijua aseme."

Wazee wa ukoo wakamgeukia Lusajo. Alisimama. Alikuwa ameshajua tangu alfajiri atakayosema, na haja yake ilikuwa moja: asitoke pale bila pikipiki ile. Hakuwa na mtoto naye. Ikienda kwa mtu mwingine, itakuwa imetamkwa mbele ya watu kwamba yupo aliyempenda mke wake kuliko yeye.

"Mama," akasema, "mimi nilivua miguu ya pikipiki yangu nikampa yeye. Hakuniomba. Toka siku hiyo sijapanda, nimekaa pembeni ya barabara na chupa ya chai, na sikuona nimepoteza kitu. Alipougua nimemwogesha mimi. Pikipiki hii nusu yake ilitoka kwangu, na nusu nyingine ilikuwa yake. Sitaipanda. Shokapu zile zimewekwa kwa uzito wake wa mwisho, nami nataka zibaki hivyo, asiketi mtu. Ndicho kitu pekee duniani ambacho bado kinaujua mwili wake."

Watu wakaguna. Mama mmoja akajifuta macho kwa upindo wa khanga.

Ndipo Ambakisye aliposimama.

"Mama, shemeji amesema kweli. Lakini nani aliweka ule uzito wa mwisho? Mimi. Kabla ya mvua alikuwa vidole viwili. Baada ya mvua havikuingia. Nikamtuma shemeji oili, nikamwuliza mdogo wangu, unakula? Akaniambia yote. Akanishika mkono huu, akaniapisha."

Lusajo akamgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu mvua? Ulijua, ukanituma oili?"

"Alinipigia magoti, shemeji! Dada yangu hakuwahi kumpigia mtu magoti, hata baba. Akasema, kaka, nikipasuliwa nitakuwa mtu wa kulazwa na kuamshwa. Niachie msimu mmoja niwe mimi. Ningefanya nini? Nisingebadili springi, ile pikipiki ingemrusha kwenye kona, amekuwa mwepesi mno. Basi nikawa namfuata. Akipungua, nalegeza. Akipungua tena, nalegeza tena. Kila nilipolegeza nilijua nafanya nini. Nimembebea siri yake peke yangu mpaka nikawa siwezi kula mezani kwa mama. Hakuna aliyempa alichokitaka ila mimi."

"Ulimpa kifo."

"Na wewe ulikuwa umemshikia usukani!" Ambakisye akapaza sauti, kisha ikamshinda, ikashuka. "Mimi nilikuwa nimechuchumaa, naangalia bomba. Wewe ulikuwa unamwangalia usoni. Mara tatu, shemeji."

 Lusajo alifungua mdomo, akaufunga. Watu walijua ulimi ule unaweza kutofautisha majani ya mteremko mmoja na mwingine, na hapo ulikuwa hauna kitu.

Mama Ambakisye akamwuliza mwanawe, "Na wewe ukipewa utaifanya nini?"

"Nitaivua miguu hiyo, nimrudishie shemeji mali yake. Nitairudishia ile laini ya mwanzo. Ibaki kama alivyoinunua, akiwa mzima."

Bupe alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na masufuria, mahali pa wageni. Hakuna aliyemtaja. Alisimama mwenyewe.

"Wazee, mimi si ndugu. Nisameheni. Shemeji alitoa, akashukuriwa. Kaka alinyamaza, akashikwa mkono. Mimi nilisema, nikageuziwa mgongo mpaka kaburini. Nilijua atanichukia. Nilimwambia, nichukie. Miezi ile mliyokaa naye barazani, mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya uji. Ndugu yangu wa darasa la kwanza. Kama kuna aliyelipia pikipiki hii, nimelipia."

"Lakini ulishindana," mtu akasema kutoka kwenye mkeka wa wanaume. "Mwenzako yuko kitandani, ukaenda kushinda."

"Nilishindana."

"Kwa nini?"

Bupe alifikiri. "Sijui kulia nikiwa nimekaa," akasema. "Nilipofika Kona ya Padri sikumwona wa kumpita. Hilo ndilo nililoshinda."

"Na ukipewa?" Mama Ambakisye akauliza.

"Nitaipanda. Shemeji, usinitazame hivyo. Pikipiki ikisimama mwaka, sili zinakauka, oili inavuja chini, zile shokapu zako zitakufa zenyewe na ule uzito hautakuwepo. Nitaweka springi za uzito wangu, niipeleke mlimani kila Jumapili. Yeye hakuipenda ikiwa imefunikwa."

Lusajo akaiangalia pikipiki. Akilini alimwona Bupe juu yake, na Ambakisye amechuchumaa, na yeye mwenyewe ameshika usukani, akiangalia uso ambao si ule. Akajua hawezi. Akajua pia kwamba bila Bupe asingeipata ile miezi. Na bila Ambakisye, Tusekile asingeupata ule msimu wa mwisho wa kuwa Tusekile. Na bila yeye Lusajo, kusingekuwa na kitu cha kupima. Akatafuta ndani yake hasira ya kumtosha mtu mmoja, ikawa kila anapoiweka haikai.

Mama Ambakisye akafungua upindo wa khanga yake, akautoa ufunguo wa pikipiki. Akanyanyuka taratibu kwa sababu ya magoti yake. Akasimama mbele ya hao watatu, na hao watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wakainamisha macho.

Hapo ndipo nilipoachiwa hadithi, na hapo ndipo ninapowaachia. Yupo aliyetoa chake chote asione. Yupo aliyeona, akatii, akanyamaza. Yupo aliyesema, akaupoteza urafiki wa maisha yake ili mwenzake aongezewe siku. Mmoja angemtunza alivyokwisha, mmoja angemrudisha alivyoanza, mmoja angeendelea na safari bila yeye.

Ninyi mliokaa hapa na wapenzi wenu ubavuni, mama amewanyooshea ufunguo. Je, kati ya watatu hao, nani alimpenda Tusekile kuliko wote?